Mbele ya kununua kamyo bene, uliza mlima

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayelinda pesa ya nyumba, leo ukurasa wetu wa usalama na afya hauzungumzi juu ya kofia, viatu ao miwani ya kazi. Leo tunazungumza juu ya kamyo. Si zile kubwa za kariere, zinazobeba tani mia moja na zaidi, ambazo zina mafundi wao na garaji yao. Tunazungumza juu ya kamyo ya kadiri, yenye magurudumu mawili mbele na manne nyuma, yenye bene mgongoni, ambayo mtu ananunua kwa pesa yake mwenyewe ili ibebe mchanga, matofali na changarawe.

Kwa nini jambo hili liko katika ukurasa wa usalama? Kwa sababu kamyo ya zamani iliyonunuliwa vibaya inaharibu vitu viwili kwa mara moja: pesa ya jamaa na maisha ya watu. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, wakapokea pesa yao ya mwisho. Kila nyumba ililazimika kujiuliza: pesa hii tuitumie namna gani ili izae? Swali hilo linarudi kila mara mtu anapofikia pansheni, ao anapomaliza kuweka akiba ya miaka mingi. Na mara nyingi jibu ni hili: tununue kamyo, mtoto ataiendesha, mchanga hautaisha.

Wazo si baya. Mji unajengwa kila siku. Lakini kamyo isiyoweza kuvuta mzigo wake itakula pesa yako katika ambreaji, pine na mazutu. Na siku moja itasimama katikati ya mlima, ianze kurudi nyuma, na mtoto wako atakuwa kwenye usukani. Soma basi, polepole, mbele ya kutoa franka hata moja.

FARASI WENGI SI NGUVU YA KUVUTA

Ukifika pale kamyo zinapouzwa, neno la kwanza utakalosikia ni hili: "Papa, angalia hii, iko na farasi mia moja themanini!" Muuzaji hasemi uongo. Lakini hakukuambia jambo unalolitafuta.

Nguvu ya farasi inaonyesha kazi ambayo moteri inaweza kufanya kwa muda fulani, hasa ikizunguka mbio. Inakusaidia kujua kama kamyo itakimbia barabarani. Nguvu ya kuvuta ni kitu kingine. Mafundi wanaiita kuple: ni nguvu ambayo moteri inazungusha nayo. Ukitaka kuielewa, kumbuka ginsi unavyofungua buloni iliyoshika kutu. Ukitumia ufunguo mfupi, unatoka jasho bure. Ukitumia ufunguo mrefu, buloni inafunguka, na mkono wako ni uleule.

Ndani ya kamyo, ufunguo mrefu ni bwati ya vitesi na diferansieli ya nyuma. Hizo zinachukua kuple ya moteri na kuizidisha mara nyingi mbele ya kuifikisha kwenye pine. Ndiyo maana kamyo mbili zenye moteri moja zinaweza kuwa tofauti kabisa: moja inapanda na mzigo, nyingine inalia na kusimama.

Chukua mfano wa kamyo za zamani za Mercedes-Benz. Namba yao inasomeka hivi: tarakimu mbili za kwanza ni uzito wote kwa tani, na mbili za mwisho ni farasi kwa makumi. Basi 1113 ni kamyo ya karibu tani 11 na farasi 130. 1418 ni tani 14 na farasi 180. Habari hiyo ni nzuri, lakini haikuambii diferansieli iliyo ndani ni ya kupanda milima ao ya kukimbia katika lami. Lazima uulize, na lazima upime.

ANZA NA MZIGO, KISHA UTAFUTE KAMYO

Watu wengi wanafanya kinyume. Wananunua kamyo kwanza, kisha wanaijaza mpaka juu. Wewe anza na mzigo.

Kwenye mlango ao ndani ya kabini kuna plaki ya kiwanda. Tafuta maandishi PTAC. Hayo ni uzito wote unaoruhusiwa: kamyo, bene, shofere, mazutu na mzigo pamoja. Tuseme plaki inaandika kilo 12,000. Kisha tafuta uzito wa kamyo ikiwa tupu. Usikubali kuambiwa tu. Bene iliyotengenezwa upya kwa mabati mazito inaweza kuongeza kilo mia nyingi. Ipeleke kwenye mizani. Tuseme ikiwa tupu ina kilo 5,500. Ondoa 5,500 katika 12,000: mzigo wako ni kilo 6,500. Basi. Hakuna kilo nyingine iliyojificha.

Sasa kilo 6,500 ni nini? Ni mifuko 130 ya simenti ya kilo 50. Ni mchanga mkavu karibu metre kibe 4, maana metre kibe moja ya mchanga mkavu ina karibu kilo 1,600. Lakini mchanga wa mto uliolowa maji una karibu kilo 1,900 kwa metre kibe, kwa hiyo kamyo yako ibebe metre kibe 3 na nusu tu, kasoro kidogo. Kuhusu matofali ya udongo wa kichuguu, kila tanuru lina kipimo chake: pima kumi kwenye mizani, kisha fanya hesabu. Mawe yenye madini ni mazito kuliko mchanga. Usiyapime kwa macho.

Uone hatari ilipo. Bene ya metre kibe 5 ikijazwa mchanga wenye maji inabeba kilo 9,500. Umezidisha tani 3. Kwa macho bene inaonekana sawasawa, haikumwagika hata kidogo. Mnunuzi anafurahi, shofere anafurahi. Kamyo peke yake inajua ukweli: sasa ina tani 15 pahali pa 12.

HESABU YA MLIMA

Usiogope hesabu hii. Mtoto wa shule ya sekondari atakusaidia.

Kwanza pima mlima ulio mubaya zaidi katika njia yako, kwa mfano ule wa kutoka mtoni penye mchanga. Chukua ubao wa metre 2 na nivo ya fundi wa nyumba. Weka ubao juu ya njia, ncha ya juu ikigusa udongo. Inua ncha ya chini mpaka nivo ionyeshe sawa. Pima nafasi chini ya ncha hiyo. Ukipata sentimetre 20, mlima wako ni wa 10 kwa mia: kila metre 100 za kwenda, unapanda 10.

Kwa mlima wa 10 kwa mia, kamyo inahitaji nguvu ya kuvuta sawa na sehemu ya 10 kwa mia ya uzito wake. Ongeza nguvu ya kushinda udongo: kwenye lami ngumu ni karibu 1 kwa mia, kwenye barabara nzuri ya udongo tuweke 3. Kwenye mchanga laini inaweza kufika 10 na kupita. Kwa hiyo mchanga laini ni kama mlima, hata kama macho yanaona tambarare.

Kamyo yetu ya kilo 12,000, mlima 10 na udongo 3, jumla 13 kwa mia: inahitaji kilo 1,560 za kuvuta.

Sasa tuone kamyo inatoa nini. Katika kitabu cha kamyo tafuta kuple kwa kilo-metre. Kama kitabu kinaandika niuton-metre, gawanya kwa 10 na utapata karibu. Tuseme kuple ni 30, vitesi ya kwanza inazidisha mara 7, diferansieli inazidisha mara 5. Fanya 30 mara 7 mara 5: unapata 1,050. Vyuma vinapokwaruzana vinakula sehemu, basi shika 85 kwa mia: unabaki na karibu 890. Gawanya kwa urefu kutoka katikati ya gurudumu mpaka chini, tuseme metre 0.48. Unapata karibu kilo 1,860 za kuvuta. Inahitaji 1,560, inatoa 1,860. Inapanda, lakini katika vitesi ya kwanza tu, na baki si kubwa.

Badilisha sasa kitu kimoja. Kamyo ni ileile, moteri ni ileile, lakini diferansieli ni ya kukimbia, inazidisha mara 4 tu. Hesabu inatoa karibu kilo 1,490. Haifiki 1,560. Kamyo hii haipandi mlima wako, hata kama muuzaji anaapa. Na ukiweka pine kubwa zaidi ili ipendeze, unapunguza tena.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa nchi yetu wanasahau. Sisi tunaishi juu. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita metre 1,400. Hewa ya juu ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila metre 1,000. Kolwezi, kuple yako ya 30 inashuka karibu na 26, na kilo za kuvuta zinashuka karibu na 1,610. Unahitaji 1,560. Kiporo kimeisha! Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ikinyesha kidogo, umebaki hapo. Moteri yenye turbo haiumii sana na kimo hicho. Ndiyo sababu moja ya kuipenda, kama turbo yenyewe ni nzima.

NGUVU YA KUPANDA SI RUHUSA YA KUPAKIA

Hapa ndipo tunapofika kwenye usalama wenyewe, na tunakuomba usome sehemu hii mara mbili.

Utasema: basi nitanunua moteri kubwa, yenye kuple 40. Hesabu yake inatoa karibu kilo 2,480. Hata nikipakia tani 15, mlima unataka 1,950 tu, ninapanda nikiimba. Ni kweli, ndugu, utapanda. Lakini kila kamyo iliyopanda itashuka. Na freni zake hazikutengenezwa kwa tani 15. Zilitengenezwa kwa zile 12 zilizoandikwa kwenye plaki.

Freni inafanya kazi gani? Inageuza mwendo kuwa moto. Kamyo ya tani 12 ikishuka kimo cha metre 100, na freni peke yake zikishika yote, moto unaozaliwa ungetosha kuchemsha karibu litre 35 za maji baridi. Mama anajua ni makala ngapi yanahitajika kwa sufuria kama hiyo. Kwa tani 15 ni karibu litre 44. Moto huo wote unaingia katika vyuma vichache nyuma ya magurudumu. Vikipata moto kupita kiasi, freni hazishiki tena: shofere anakanyaga, pedali iko, kamyo inakwenda.

Kwa hiyo kanuni ni mbili. Kamyo dhaifu ni hatari kwa kupanda, kwa sababu inasimama na kurudi nyuma. Kamyo yenye nguvu ni hatari kwa kushuka, kama mwenyewe anaitumia nguvu hiyo kupakia zaidi. Chagua yenye nguvu, kisha pakia kama plaki inavyosema. Nguvu iliyobaki ni akiba yako ya usalama, kama pesa iliyo banki.

Na kwa kushuka, mfundishe shofere wako hivi: shuka na vitesi ile ambayo ungepanda nayo. Ingia katika vitesi hiyo juu, mbele ya mteremko kuanza. Moteri ishike kamyo, freni isaidie tu. Asiweke nyutro kamwe ili kuokoa mazutu. Mazutu ya mteremko mmoja hayalipi jeneza.

SIKU YA KWENDA KUIANGALIA

Usiende peke yako. Enda na fundi usiyemjua muuzaji wake, ukamlipe siku yake. Enda asubuhi, na umwambie muuzaji asiwashe moteri mbele yako kufika. Gusa moteri kwa mkono: ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Moteri iliyochoka inawaka vizuri ikiwa imepashwa moto. Baridi ndiyo inayoisema.

Kisha fuata mambo haya kwa utaratibu.

Moshi. Moshi mweusi unaoendelea ni mazutu mengi ao hewa kidogo: filtre imeziba, enjektere mbaya ao turbo imechoka. Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua ndani. Moshi mweupe usioisha moteri ikiwa na moto unaweza kuwa maji yanayoingia mahali pasipofaa. Moteri ikizunguka polepole, fungua kifuniko cha mafuta: pumzi ndogo si kitu, lakini ikipuliza moshi kama bomba la jiko, pistoni na segma zimekwisha, na kuple iliyoandikwa kitabuni haipo tena.

Mafuta na maji. Mafuta yenye rangi ya maziwa ni mafuta yenye maji. Rediateri usiifungue ikiwa na moto. Watu wameungua uso. Ifungue ikiwa baridi, kisha washa: vipovu vinavyopanda bila kuisha ni alama ya gasiketi ya kichwa cha moteri iliyoharibika.

Ambreaji. Pahali pa tambarare, vuta freni ya mkono, zuia magurudumu, mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma. Ingiza vitesi ya juu kabisa, achilia ambreaji polepole. Moteri lazima izime mara moja. Ikiendelea kuzunguka, ambreaji inateleza, na nguvu haifiki kwenye pine.

Diferansieli. Kama plaki yake haisomeki, unaweza kuihesabu. Zuia vizuri magurudumu ya mbele, pande zote mbili, kwa sababu freni ya mkono itabidi kuachiliwa. Inua upande mmoja wa nyuma na kriki, kisha weka chini yake shikizo gumu la chuma ao mbao nene. Usiingie kamwe chini ya kamyo inayoshikwa na kriki peke yake! Weka nyutro. Zungusha magurudumu yaliyoinuliwa mara mbili kamili, na mwenzako aliye pembeni ahesabu kardani imezunguka mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo ya diferansieli: mara 5, mara 4, ao nyingine.

Freni. Kama ni za hewa, jaza mpaka kipimo kisimame, kwa kawaida kati ya bar 6 na 8. Zima moteri, kanyaga pedali na ushike. Mshale usishuke, sikiliza kama kuna sauti ya hewa inayotoroka. Kama ni za mafuta, pedali iwe ngumu na isizame. Fundi akifungua ngoma, vumbi lisipulizwe kwa hewa ya kompresere. Garniture za zamani zinaweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu polepole kwa miaka mingi. Lowesha vumbi kwa maji, funika pua na mdomo, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Shasi na bene. Pita chini na lampe. Tafuta nyufa na soda mpya karibu na mahali bene inapojikunja, na kwenye resore. Rangi mpya kwenye chuma cha zamani inaficha kitu. Inua bene, ikiwa tupu, na uangalie verini: mafuta yasitoke, bene isishuke yenyewe. Hakuna mtu kuingia chini ya bene iliyoinuliwa isipokuwa nguzo yake ya kuizuia imewekwa. Verini si nguzo.

Pine. Nguvu yote inapita hapo. Pine tupu kwenye udongo uliolowa zinazunguka bure, hata moteri iwe ya kuple 60. Zile za mbele, zinazoongoza, ziwe nzima kabisa.

Kabini. Moshi usiingie ndani. Gazi ya moteri haionekani yote, inaumiza kichwa, inaleta usingizi, na inaweza kuua. Mikanda ya viti iwepo, vioo viwepo. Kama usukani uko kulia, kumbuka kwamba nchini kwetu tunaendesha kulia: shofere hataona vizuri mbele ya kupita gari lingine.

Karatasi. Namba ya shasi kwenye chuma iwe ileile ya kwenye karte roze. Kama kuna tarakimu iliyokwaruzwa, rudi nyumbani na pesa yako.

KISHA PELEKA KAMYO MLIMANI

Muuzaji wa kweli hatakataa. Kwanza jaribu freni kamyo ikiwa tupu, mahali tambarare. Zikishika, pakia mzigo ulioruhusiwa, kilo zilezile za plaki. Shofere mwenye permi na mazoea aendeshe, mtu yeyote asipande juu ya mzigo, na njia ya nyuma iwe wazi kabisa.

Panda mpaka katikati ya mlima, usimame. Freni ya mkono peke yake lazima ishike kamyo yenye mzigo. Kisha ondoka tena katika vitesi ya kwanza. Kamyo nzuri inaondoka bila kurudi nyuma, bila kuruka, bila harufu ya ambreaji kuungua. Ikishindwa hapo, umeokoa pesa yako kwa bei ya mazutu kidogo na jasho la kupakia. Fika juu, tazama kipimo cha moto wa maji. Geuka, shuka na vitesi ya chini, na usikilize kama moteri inashika. Chini, simama na usogeze mkono karibu na magurudumu bila kuyagusa: moja likiwa na moto mkali kupita mengine, freni zake hazifanyi kazi sawasawa.

KAMYO IKIFIKA NYUMBANI

Mama, neno lako ni kubwa hapa. Usikubali pesa yote imalizike siku ya kununua. Kamyo ya zamani itaomba pine, garniture na batri mbele ya kuzaa. Weka sehemu pembeni kwa ajili hiyo. Nyumba isiyo na akiba ndiyo inayomwambia shofere: "Pakia kidogo zaidi, tulipe deni." Hapo ndipo ajali inapoanza, mezani, siyo barabarani.

Watoto wasicheze chini ya kamyo wala ndani ya bene. Kamyo ikirudi nyuma, mtu mzima mmoja asimame pembeni pale shofere anapomuona katika kioo, aongoze. Wapakiaji na akina mama wa soko wasipande juu ya mchanga kwa safari ya kurudi. Kamyo ikiyumba, mzigo unawafunika. Na kila mara bene inapoinuliwa, shofere aangalie juu kwanza: waya wa umeme hautoi sauti. Ainue mahali tambarare tu, maana bene iliyojaa, ikiwa juu kwenye udongo ulioinama, inaangusha kamyo ubavuni.

Mazini umefundishwa usitumie mashini usiyoipima. Ukitoka kwenye mlango wa kampani, sheria hiyo usiiache pale getini. Kama kamyo ni yako, wewe ndiye kapita wa usalama, na wafanyakazi wako ni watoto wako.

Kata maneno haya uyabandike ndani ya kabini:

Soma plaki mbele ya kupakia.
Mchanga wa maji ni mzito kuliko unavyoonekana.
Vitesi ya kupanda ndiyo vitesi ya kushuka.
Bene juu, watu mbali, macho kwenye waya.
Kiporo cha nguvu si cha kuuzwa.

Muuzaji anataka pesa yako leo. Mlima unaweza kungoja. Nenda kauulize kwanza.